Unasoma PhD na kwenu ni Lamu? Shika usajili kwanza, utafiti baadae

Asalaam aleikum ndugu zangu. Kila ikifika mwezi wa nane wa tisa, vyuo vikianza kupokea watu, lazima kuna mtu atanisimamisha pale Mkunguni mbele ya ngome aniulize "maalim, hii PhD naweza kuifanya nikiwa hapa hapa Amu na kazi yangu na watoto wangu, ama mpaka nihame?" na jibu langu huwa refu mpaka kahawa inapoa, sasa nimeamua kuliandika lote mtu asome kwa nafasi yake. Mimi yangu niliifanya nikiwa nafundisha hapa kisiwani na chuo kiko bara, na nikamaliza alhamdulillahi, lakini nilipoteza mwaka mzima, na huo mwaka sikuupoteza kwa utafiti wala kwa supavaiza mkali, yule msimamizi wa utafiti wako. Niliupoteza kwa usajili. Kwahivyo nikirudia kitu kimoja mara tatu nne mnisamehe, nimewaona watu wenye akili kunishinda wameachia njiani kwa jambo hili hili na roho inaniuma mpaka leo.

Tuanze na neno lenyewe, ukaazi. Mtu akisoma kwenye kanuni za chuo kwamba mwanafunzi wa uzamifu, yani wa PhD, lazima atimize muda wa ukaazi, anadhani ni lazima apange chumba karibu na geti. Mara nyingi sio hivyo. Ukaazi kwenye mambo ya PhD ni hesabu ya semista ambazo jina lako limo kwenye vitabu vya chuo, umelipa, umejisajili, unahesabika. Hapa Kenya viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, hawa CUE, vya 2014 vinataka PhD isipungue miaka 3, yani chuo kikiwa na semista mbili kwa mwaka ni semista 6, na ni zile zilizohesabiwa, sio zile ulizokesha ukiandika. Unaweza kumaliza tasnifu yako yote, lile andiko kubwa la PhD, kwa mwaka mmoja na nusu ukaambiwa ngoja. Na unaweza kuhangaika na utafiti mwaka mzima, jua lako mvua yako, ukaambiwa ni sifuri kwasababu hukujisajili. Hili la pili ndilo lililonipata.

Ilikuwa hivi. Mwaka wangu wa pili nilikuwa Kizingitini nakusanya majina ya samaki na ya pepo zinazovuma baharini kwa wavuvi wazee, kazi tamu sana ile, unakaa na mzee kivulini yeye anashona nyavu yake na wewe unaandika, akifika kwenye jina gumu anaacha sindano akulitamkie taratibu mara mbili. Karo nilikuwa nimelipa, nimekwenda benki mwenyewe hapa mjini, risiti nimepewa, roho safi. Kumbe kulipa sio kujisajili. Chuoni kwetu ukishalipa ilikuwa mpaka uingie kwenye potali, ile tovuti ya wanafunzi, ubonyeze pale pa kuthibitisha semista, alafu idara nayo ikubali, na dirisha la kufanya hayo lilikuwa wiki chache tu. Mimi kule netiweki ilikuwa ya kutafuta. Sikubonyeza. Semista iliyofuata mfumo ukaona ya nyuma sikuwepo, ukanifungia na hio pia. Siku nilipokwenda ofisini na risiti zangu mbili mkononi, karani akanigeuzia kioo cha kompyuta nikaona jina langu na mbele yake limeandikwa kwamba mwanafunzi huyu hayupo. Pesa ipo, mtu hayupo. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikashindwa hata kunywa maji. Nikaandika barua, nikajibiwa pesa itasogezwa mbele lakini semista hazirudi, na mwaka ukaenda hivyo.

Sasa wewe fanya hivi. Kabla semista haijaanza itafute kalenda ya chuo, ichape, ibandike mahali unapoiona ukinywa chai, uzungushe kwa kalamu siku ya mwisho ya kujisajili, sio siku ya mwisho ya kulipa, hizo mara nyingi ni siku mbili tofauti. Lipa mapema, kwa benki ama kwa M-Pesa vile chuo kinavyotaka, na namba yako ya usajili iandike herufi kwa herufi na mikwaju yake (/) yote, maana pesa ikiingia na namba yenye kosa inaelea tu huko na kuitafuta ni safari. Subiri siku mbili tatu uingie potali uone salio limesoma. Likisoma, jisajili hapo hapo usiseme kesho. Ukimaliza usifunge, piga picha ya kioo inayoonyesha jina, semista na tarehe, alafu mtumie imeili mratibu wa uzamifu wa idara yenu, maneno machache tu, kwamba nimejisajili semista hii naomba mnithibitishie kama naonekana upande wenu. Jibu likija lihifadhi. Mimi nilinunua lile faili la plastiki lenye zipu kwasababu boti zetu mnazijua, kusi likivuma mtu anafika Mokowe amelowa mpaka kwenye pochi, na humo mlikuwa na risiti zote, barua ya kukubaliwa chuo, barua za masupavaiza, kila karatasi yenye mhuri. Siku ya mahafali nilikuwa nalo kwapani.

Na hapa ndipo wengi wanapoteleza: hata kama masomo ya darasani umeyamaliza, hata kama hio semista huna siku moja ya kwenda chuo na unaandika sura ya nne nyumbani Langoni, bado unatakiwa ujisajili. Kila semista, bila kuruka, mpaka tasnifu ikubaliwe. Watu wanasema "mimi saa hii naandika tu situmii kitu cha chuo nilipe cha nini", nawaelewa, pesa ni ngumu, lakini supavaiza anayesoma kazi yako anaisoma kwasababu wewe ni mwanafunzi aliyesajiliwa, na maktaba ya mtandaoni inakufungukia kwasababu hio hio. Ukiruka unakuta umefungiwa, alafu vyuo vingi vinakudai karo za semista zile ulizoruka, na faini juu yake, ndio wafikirie kukurudisha. Ukizidisha unafutwa unaambiwa uombe upya kama mtu mgeni.

Ukiwa ndio kwanza unaingia, karatasi za mwanzo zitazame sana. Utatakiwa vyeti halisi vya shahada ya kwanza na ya uzamili na nakala zake, matokeo yote, kitambulisho, na vyuo vingi vinataka wazo la utafiti kabla hata hawajakupa barua. Kama uzamili uliufanyia nje, na hapa kwetu tunao waliosoma Sudan, Saudia, India na kwengineko, uliza mapema chuo kinataka utambuzi wa hio shahada kutoka wapi na anza kuufuata siku hio hio, kwasababu ukisubiri barua ya kukubaliwa ije kwanza utafika siku ya kujisajili cheti hakijatambuliwa na chuo hakikusajili. Na kama wewe sio raia wa Kenya, hakikisha una pasi ya mwanafunzi kutoka Uhamiaji kabla kuanza masomo. Kwengine unaanza na usajili wa muda mpaka propozo yako, yani andiko la mpango wa utafiti, ipite, sasa hapo uliza swali hili kwa maandishi: je semista hizi za usajili wa muda zinahesabiwa kwenye ile miaka 3 ama hesabu inaanza propozo ikishapita? Hili swali watu hawaliulizi na jibu lake ni mwaka wa maisha yako.

Alafu kuna kuchagua, utasoma muda wote ama kwa muda wa ziada huku una kazi yako. Jichunguze kwa haki. Kama unafundisha, ama uko hospitali, ama uko kaunti, na hujapewa ruhusa ya masomo, usijiandike wa muda wote kwa vile unataka kumaliza haraka, maana ukijiandika hivyo chuo kinakutarajia kwenye kila semina na ripoti zako zinatakiwa zionyeshe kasi ile. Wa muda wa ziada anapewa miaka mingi zaidi lakini pia ana kikomo chake, na kikomo hicho kisome kwenye kanuni za mwaka ule ulioingia wewe, sio za rafiki yako aliyeingia kabla, kanuni hubadilika. Mwalimu aliye chini ya TSC, tume ya walimu, afuate ruhusa ya masomo kabla kujiandikisha wa muda wote, na barua ya ruhusa aingize kwenye faili lile lile.

Sasa swali la baraza, lazima nihame? Kwa vyuo vyetu hapa, kuhama kabisa mara nyingi sio lazima, lakini kuna siku ambazo mwili wako lazima uwe pale. Masomo ya darasani ndio makubwa zaidi, chuo kikiyaweka ni semista moja mbili za mwanzo na hapo mtu wa Lamu bora akubali tu akapange chumba ama akae kwa jamaa, kwenda na kurudi haiwezekani, utachoka utaacha. Baada ya hapo ni kutetea propozo, semina za idara, vikao vya kuangalia maendeleo, na mwisho kutetea tasnifu. Hizo ni safari za kupanga. Mtu wa Malindi ana nafuu kubwa, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi kama kilomita 60 tu, anapanda matatu asubuhi anahudhuria semina anarudi kwake kabla magharibi, na ningekuwa wa Malindi mimi ningeanza kuuliza hapo kabla ya pengine popote. Sisi wa kisiwani ni boti mpaka Mokowe, basi alfajiri, lami siku hizi ipo lakini vizuizi vya usalama pia vipo, na ukifika Malindi bado hujafika. Usipange kamwe kufika siku ile ile ya semina. Fika jana yake, lala, ukaamke na akili yako. Mimi propozo yangu niliitetea na usingizi machoni na maswali mawili mepesi niliyajibu vibaya, mpaka leo nikiyakumbuka najisikia vibaya.

Tangu wakati wa korona vyuo vingi vimezoea kukutana kwa Zoom, na wako watakaokuruhusu semina za kawaida ufanye ukiwa nyumbani. Omba. Lakini omba kwa barua na ujibiwe kwa barua, kwasababu mwenyekiti wa idara akibadilika, ile "hapana shida we ingia tu mtandaoni" ya yule wa zamani haina shahidi na unaweza kuandikiwa hukuhudhuria.

Supavaiza nae ni sehemu ya usajili wako, watu wanasahau. Viwango vile vile vya CUE vinataka mhadhiri asizidishe wanafunzi 3 wa PhD kwa mwaka, kwahivyo yule profesa unayemtaka anaweza kuwa amejaa, na ukikaa unamsubiri muda wako unayoyoma. Ukimpata hakikisha uteuzi wake umepita bodi na una barua, sio kwamba mmeongea tu kwenye simu. Kila baada ya muda fulani, kwengine miezi mitatu kwengine sita, kuna fomu ya ripoti ya maendeleo, unaijaza wewe, masupavaiza wanatia sahihi, inapelekwa ofisi ya masomo ya juu. Hio fomu ndio ushahidi kwamba ukaazi wako ulikuwa wa kazi. Usiiache ikalala. Mtumie supavaiza wiki mbili kabla na kurasa ulizoandika, mkumbushe kwa adabu, na akichelewa mkumbushe tena, hakuna ubaya, yeye ana wengi na wewe una PhD moja.

Maisha yakikuzidi, simamisha masomo rasmi. Dada zangu hili nawaambia nyinyi hasa, kwasababu nimeona mara nyingi, mama amejifungua, ama anauguza mzazi, anasema nitapumzika kidogo nikipata nafasi nitarudi, hakuandika barua, akirudi anakuta amefutwa. Ukiandika barua ya kusimamisha kabla semista kuanza, na sababu na karatasi ya hospitali kama ipo, chuo kinakusimamishia saa, hizo semista hazihesabiwi kwenye kikomo chako na mara nyingi hudaiwi karo kamili. Barua yenyewe ni nusu ukurasa. Iandike hata ukiwa kitandani, mtu akuchapie. Na ukipata majibu angalia tarehe ya kurudi, maana siku ile ikipita hujajisajili upya, unarudi kwenye shida ile ile.

Kwa wanaofikiria nje, neno ukaazi linageuka na lina sura tatu, usizichanganye. Ya kwanza ni hio hio ya masomo. Berkeley kule Marekani wanataka angalau semista 4 za ukaazi wa masomo, na wao wanahesabu kwa kulipa na kujisajili masomo ya kiwango fulani. Oxford wao wako karibu na ile maana ya kulala pale, mwanafunzi wa uzamifu wa muda wote anatakiwa akae ndani ya maili 25 kutoka Carfax, pale katikati ya mji, kwa idadi ya mihula iliyowekwa, kwahivyo Oxford ya muda wote huisomi ukiwa Lamu. Sura ya pili ni ukaazi wa karo. Vyuo vya serikali za majimbo Marekani vinamtoza mkaazi wa jimbo karo ndogo kuliko mtu wa nje, na California kwa mfano wanataka uwe umekaa zaidi ya mwaka na nia ya kubaki, na mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, kwa kawaida hahesabiki mkaazi hata akae miaka mitano. Kwahivyo ukipiga hesabu ya pesa piga kwa karo ya mgeni, usijidanganye kwamba mwaka wa pili itashuka. Sura ya tatu ni ya viza. Mwenye F-1 lazima abaki amesajiliwa wa muda wote, na akitoka Marekani zaidi ya miezi mitano anaweza kupoteza hio hali yake ya mwanafunzi, isipokuwa kama safari ni sehemu ya masomo yenyewe na chuo kimeweka rekodi yake sawa. Hii inawagusa sana vijana wetu wanaokwenda huko alafu wanataka kurudi kufanyia utafiti nyumbani, Pate ama Ndau, mwaka mzima. Rudi, karibu sana, tunawahitaji, lakini kabla hujapanda ndege nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni waandike kwamba hii ni safari ya utafiti na bado umesajiliwa.

Na kama kuhama kabisa hakuwezekani, viko vyuo vilivyojengwa kwa masomo ya mbali, UNISA ya Afrika Kusini na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Usajili wa kila mwaka uko pale pale, siku za mwisho ziko pale pale, na hakuna karani wa kukugeuzia kioo ukaona jina lako, kwahivyo imeili yako ifungue kila siku. Kabla hujalipa hata shilingi muulize mwajiri wako, ama wanaotambua shahada hapa Kenya, kama watakipokea hicho cheti.

Kibali cha utafiti sio usajili wa chuo lakini vinashikana mkono. Huwezi kukusanya data hapa bila kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na NACOSTI wanataka barua ya chuo inayosema wewe ni mwanafunzi wao, na kupitishwa na kamati ya maadili pale panapohitajika. Usajili ukiwa umekufa barua hio huipati. Kibali kina mwisho wake, andika tarehe yake kwenye ile kalenda ya ukutani, na ukishakipata nenda ukajitambulishe kwenye ofisi za kaunti kabla ya kuanza kuwahoji watu. Ukitaka kuchimba ama kugusa magofu, Takwa, Shanga, Gede na mengineyo, hapo ni Makumbusho ya Taifa pia, na uwaendee mapema kwasababu hawakupi kwa siku moja.

Mwisho wa safari una masharti yake ya usajili na hapo mtu amechoka ndio anakosea. CUE wanataka uwe na makala 2 kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu, na jarida lina foleni yake, kwahivyo makala ya kwanza itume ukiwa bado katikati ya utafiti usingoje tasnifu iishe. Vyuo vingi vinataka notisi ya kwamba unakusudia kuwasilisha, miezi kadhaa kabla, ndio wateue watahini. Na siku unayowasilisha lazima uwe umesajiliwa semista hio. Watahini wanaweza kukaa na kazi yako wiki nyingi, semista mpya ikaanza kabla hujatetea, jisajili hio pia, na ukipewa masahihisho yakavuka muhula, uliza kama unalipa karo nzima ama ile ndogo ya masahihisho, kwasababu mara nyingi ipo na hawakutajii mpaka uulize. Ukishatetea, omba barua inayosema umetimiza masharti yote, maana mahafali yanaweza kuwa mbali na kazini wanataka karatasi. Alafu chukua nakala moja ya tasnifu uipeleke pale ulipokusanya data. Mimi yangu niliipeleka Kizingitini, yule mzee wa nyavu alikuwa hasomi kizungu, mjukuu wake akamsomea ile orodha ya majina mwishoni, na kwenye jina la ishirini na kitu akamkatiza akasema hapana, hili hamkuliandika vile nilivyokwambia.